Mpira gani wa gofu kwa anayecheza Lubumbashi? Anza kuuchagua ukiwa karibu na shimo

Msomaji wa Lubumbashi anauliza:

"Mwalimu, huu ni mwaka wangu wa pili katika gofu na hendikapu yangu (mapigo ninayozidisha juu ya kiwango cha uwanja) ni 24. Draiva yangu, fimbo ya mapigo marefu, hufika kama mita 190, ikienda vizuri. Mpira wangu unakata kulia, na kila raundi napoteza mipira mitatu au minne, majini na kwenye nyasi ndefu. Mpaka leo nacheza na mpira wowote ninaoupata, mara nyingi ile inayookotwa na vijana uwanjani. Rafiki yangu anayesafiri Johannesburg ananishauri ninunue Titleist Pro V1, eti nitaona tofauti siku ileile. Mwingine anasema mtu asiye na nguvu kama mimi achukue mpira laini kuliko yote. Nataka mpira unaokwenda mbali, unaonipa hisia nzuri, na usioniharibia mfuko. Upo?"

Ndugu yangu, upo, ila nitakujibu kwa urefu kwa sababu wenzako hao wawili kila mmoja amekupa nusu ya jambo.

Nianze na jibu lenyewe ili usitafute mbali. Pro V1 mpya iache kwanza. Mpira laini kuliko yote nao usiukimbilie. Tafuta mpira wa daraja la kati wenye ganda la yurethani (plastiki laini), au mpira wa daraja la juu uliookotwa ukiwa bado mzima, na ukishaupata shikamana na aina hiyo moja tu. Kama hata huo unakubana, mpira wa vipande viwili (kiini na ganda tu) wa kampuni inayojulikana utakufaa msimu mzima bila kukunyima chochote kikubwa. Na unapoupima, anzia kwenye grini (nyasi fupi zenye shimo) urudi nyuma kuelekea tii (mahali pa pigo la kwanza). Karibu kila mtu hufanya kinyume: anachagua mpira kwa pigo moja zuri la draiva, halafu anashangaa kwa nini alama zake hazishuki.

Tuanze na umbali, maana ndio unaouza mipira. Mashirika mawili yanayotunga sheria za gofu duniani, USGA ya Marekani na R&A ya Scotland, yameuwekea mpira mipaka ambayo hakuna kiwanda kinachoruhusiwa kuivuka. Usizidi uzito wa gramu 45.93, na usipungue kipenyo cha milimita 42.67. Kasi unayotoka nayo inapimwa kwa mashine. Hata umbali wenyewe una ukomo: kwa kipimo kilichotumika miaka yote hii, ukipigwa na mashine ambayo kichwa cha fimbo yake kinakwenda kilomita 193 kwa saa, mpira haupaswi kupita yadi 317, na nyongeza ya yadi 3 tu ya kuvumiliwa. Jumla ni kama mita 293. Viwanda vikubwa vyote vimefika ukutani zamani. Kwa hiyo boksi linapokuahidi umbali wa ajabu, jua kwamba mpira wa boksi la jirani yake umegota kwenye ukuta uleule.

Kwa mtu wa draiva ya mita 190, tofauti kati ya mpira mzuri na mpira mwingine mzuri ni mita chache tu. Ukiupiga pembeni ya uso wa fimbo badala ya katikati, unapoteza mita 15 au zaidi papo hapo, uwe umenunua mpira wa dola moja au wa dola tano. Sisemi hivi ili kukuvunja moyo. Nataka pesa yako iende mahali inapofanya kazi.

Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya nje havikuambii, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili ya mtu wa Katanga. Lubumbashi iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi, na mpira unaposafiri ndani yake haukwami sana. Pigo linalosafiri mita 180 angani kule pwani, hapa huongeza mita saba hivi, bila kufanya chochote. Umbali ambao wengine wanaulipia kwenye boksi, sisi tumeupewa na mahali tunapoishi.

Lakini hewa hiyohiyo ina upande wake wa pili, na hapa ndipo naomba unisikilize vizuri. Mpira wa gofu haubaki angani kwa nguvu ya mkono peke yake. Unapotoka kwenye fimbo unajizungusha kinyumenyume, na mzunguko huo, tunaouita spini, pamoja na vile vishimo vidogo vya kwenye ganda, huifanya hewa iunyanyue. (Mpira usio na vishimo ungekwenda karibu nusu tu ya safari.) Hewa ikiwa nyepesi, inanyanyua kidogo pia. Mpira unapita chini zaidi na unashuka kwa mlalo, haudondoki wima. Sasa weka pembeni yake mwezi wa Agosti au Septemba, mvua imekatika tangu Aprili au Mei, udongo mwekundu umekauka na grini zimekuwa ngumu. Mpira unaoshuka kwa mlalo kwenye grini ngumu unagonga, unaruka, unavuka, unaishia nyuma kwenye nyasi. Wachezaji wengi wa hapa hulaumu mikono yao kwa pigo hilo, na mara nyingi mikono haina kosa.

Ndiyo maana nakuambia uchague ukianzia grini. Kwa hendikapu ya 24, hesabu mapigo yako ya raundi moja. Ya draiva hayawezi kuzidi 14 kwenye uwanja wa kawaida wa mashimo 18. Yaliyobaki yote, zaidi ya 80, ni ya fimbo za chuma, ya weji (fimbo ya mapigo mafupi ya karibu na grini), na ya kusukuma mpira kwenye grini. Mpira wako utafanya kazi huko mara nyingi kuliko kwenye tii, na huko ndiko mpira mmoja unapoachana na mwingine kwa kiasi ambacho hata mchezaji wa mwaka wa pili anakiona kwa macho.

Sababu iko kwenye ganda. Mipira ya bei ya chini karibu yote ina vipande viwili: kiini kikubwa cha raba, na ganda la ayonoma, plastiki ngumu ambayo wengi wanaijua kwa jina la kibiashara la Surlyn. Ganda hilo ni imara ajabu. Ligonge kwenye mti, kwenye jiwe, kwenye barabara ya lami, litatoka na mkwaruzo tu. Lakini ugumu huo ndio unaolifanya liteleze kwenye uso wa weji badala ya kung'ang'ania. Mipira ya daraja la kati na la juu ina ganda jembamba la yurethani, laini zaidi, na chini yake tabaka gumu. Weji inapopiga, mifuo yake inaubana ule ulaini dhidi ya ugumu wa chini, mpira unashikwa, unatoka chini kidogo ukiwa na spini nyingi. Ukitua unaruka mara moja, mara mbili, unapunguza mwendo. Wa ayonoma unatoka juu zaidi, spini kidogo, na ukitua unaendelea kubiringika.

Nyasi zikiwa na umande au mvua, tofauti hiyo inaongezeka. Maji yakiingia kati ya fimbo na mpira hupunguza spini kwa mipira yote, ila ganda gumu hupoteza sehemu kubwa zaidi. Basi kwa mtu wa Lubumbashi, mpira wa yurethani unasaidia mara mbili: Januari kwa sababu nyasi zimelowa, Septemba kwa sababu grini zimekauka.

Je, maana yake rafiki yako wa Johannesburg amesema kweli? Kuhusu ubora wa mpira, ndiyo. Pro V1 iliingia kwenye mashindano ya wachezaji wa kulipwa ya PGA Tour huko Marekani mwezi wa Oktoba 2000, na kuanzia hapo mchezo ulibadilika. Kabla yake wengi walilazimika kuchagua. Kulikuwa na mpira wa nyuzi za raba zilizoviringwa juu ya kiini, wenye ganda laini la balata, wenye spini nyingi lakini mfupi na unaokatika kwa pigo moja baya. Na kulikuwa na mpira wa vipande viwili wenye ganda gumu, unaokwenda mbali lakini hausimami. Pro V1 ilichukua kiini kigumu cha ule wa pili na kukifunika kwa ganda la yurethani. Ushauri wa "chagua, mpira wa umbali au mpira wa hisia" unaousikia mpaka leo kwa wazee wa uwanjani ulikuwa sahihi kabisa wakati wao. Siku hizi mpira wa yurethani wenye vipande vitatu unakupa vyote viwili, na kinachobaki kujadiliwa ni bei.

Kuhusu bei, simkubalii rafiki yako. Dazeni ya Pro V1 huko Marekani inauzwa karibu dola 55. Ikifika hapa, iwe kwa ndege au kwa barabara ya mpakani Kasumbalesa, haiwi rahisi zaidi. Lakini tuchukue hiyo 55. Mpira mmoja ni kama dola nne na nusu. Unapoteza minne kwa raundi, tuseme unacheza mara mbili kwa mwezi: mipira minane, karibu dola 37 kila mwezi zimezama majini. Mpira wa yurethani wa daraja la kati, tuseme dola 36 kwa dazeni, utakugharimu 24 kwa mwezi huohuo. Wa vipande viwili, dola 24 kwa dazeni, 16. Uliookotwa kwa dola moja, dola nane. Bei ya boksi haikuambii kitu mpaka uizidishe kwa mipira unayoipoteza wewe mwenyewe. Mwenzako anayepoteza mpira mmoja kwa raundi analipa kidogo kwa Pro V1 kuliko wewe unavyolipa kwa mpira mpya wa vipande viwili.

Na hasara haiishii mfukoni. Mtu aliyesimama mbele ya maji na mpira wa dola nne na nusu anakaza mabega. Anaufikiria mpira, hafikirii pigo. Nimewaona wengi wakifika kwenye shimo lenye maji, wanarudisha mpira mzuri mfukoni na kutoa wa zamani uliochakaa. Sheria inaruhusu kubadilisha mpira unapoanza shimo jipya, kwa hiyo si kosa. Lakini mpira wa pili una ganda tofauti na spini tofauti, na mkono wako hauwezi kujifunza pigo ambalo jibu lake linabadilika kila shimo. Nunua mpira ambao ukizama hutaumia moyo, halafu ucheze nao mashimo yote 18.

Sasa mwenzako wa pili, wa mpira laini. Hapa kuna imani iliyoenea sana, kwamba mtu mwenye mkono wa polepole hawezi "kuuminya" mpira mgumu, kwa hiyo mpira wenye kompresheni ndogo utamwongezea umbali. Kompresheni ni kipimo cha jinsi mpira unavyokubali kubonyea. Callaway Supersoft iko karibu na 40, Pro V1 iko karibu na 90, na Pro V1x iko juu zaidi. Ukweli ni kwamba kila anayepiga draiva anaubonyeza mpira, hata mtoto, ila kwa kiasi tofauti. Fimbo na mpira vinagusana kwa nusu ya elfu moja ya sekunde hivi, na ndani ya muda huo mpira mgumu kidogo huwa unarudisha nguvu vizuri zaidi. Kwa mpigaji mwenye kasi kubwa, mpira laini sana unampunguzia mita. Kwa mkono wa polepole tofauti hiyo inakaribia kupotea, lakini haigeuki kuwa faida.

Mpira laini una kitu kingine cha kujua: kwa fimbo za chuma huwa una spini kidogo. Kwa uwanja wenye grini laini hilo halisumbui. Kwetu Septemba, linasumbua.

Hata hivyo sitakuambia ulaini hauna thamani, maana umeuliza kuhusu hisia na swali lako ni halali. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita hisia ni sauti. Ziba masikio, sukuma mipira miwili tofauti kwenye grini, utashangaa jinsi tofauti inavyopungua. Mpira laini unatoa sauti ya chini, iliyofifia. Mgumu unatoa mlio mkali. Wapo wanaopenda mlio mkali kwa sababu unawaambia wameugonga wapi, wapo wanaouona kama jiwe. Katika hili hakuna mtaalamu atakayekuchagulia. Ukipenda sauti ya mpira, utausukuma kwa utulivu, na utulivu kwenye kusukuma unapunguza alama kuliko spini yoyote. Kwa hiyo kati ya mipira miwili yenye ganda moja na bei moja, fuata sikio lako bila aibu.

Turudi kwa vijana wanaookota mipira, kwa sababu nadhani hapo ndipo penye nafuu yako kubwa kama utajua kuchagua. Kijana anayekuuzia mpira karibu na uwanja hana haja ya kujua kama ni wa yurethani au wa ayonoma. Wewe lazima ujue. Jifunze majina machache. Yenye yurethani ni kama Pro V1 na Pro V1x, Callaway Chrome Soft, Srixon Z-Star na Q-Star Tour, TaylorMade TP5 na Tour Response, Bridgestone Tour B. Yenye ayonoma ni kama Supersoft, Srixon Soft Feel, Wilson Duo Soft, Titleist Velocity. Mpira wa yurethani uliopotezwa jana na mchezaji wa mgodini, ukauzwa kwa bei ya mpira wowote, ndio ununuzi bora kuliko yote katika mji huu.

Ushike mkononi kabla ya kulipa. Ganda la yurethani likikatwa hubaki na jeraha, na jeraha linaupindisha mpira angani. Mkwaruzo mdogo wa weji hauna madhara ya maana. Ukiona umegeuka njano au kahawia, umekaa sana majini. Maji hupenya taratibu na kuchukua sehemu ya nguvu yake, na hakuna namna ya kujua kwa macho umekaa wiki moja au mwaka. Uache, au uchukue wa mazoezi. Kuwa makini zaidi na mpira unaong'aa kupita kiasi wakati maandishi yake yamefifia pembezoni au yamekaa juu ya rangi nene. Huo umepakwa rangi upya, na rangi iliyojaa kwenye vishimo hubadilisha jinsi mpira unavyopaa. Mpira uliookotwa na kuoshwa tu ni salama. Uliopakwa rangi si mpira uleule tena, hata kama jina limeandikwa vizuri.

Na dazeni mpya kabisa ya jina kubwa inayouzwa kwa nusu ya bei mtaani? Bidhaa bandia za gofu zipo duniani kote. Nunua kwa mtu unayeweza kumrudia.

Ukipata nafasi ya kuagiza, waulize wanaovuka kwenda Zambia, Ndola, Kitwe au Chingola. Kule Copperbelt, kama huku kwetu, migodi ya shaba ilikuja na viwanja vyake vya gofu, na Nchanga, Nkana na Ndola bado vina wachezaji wengi. Mwenye ndugu Ulaya amwombe mipira ya Inesis, jina la gofu la maduka ya Decathlon. Wana mpira wa yurethani ambao bei yake iko chini ya majina makubwa. Anayetoka Marekani mwambie akutafutie Kirkland ya duka la Costco, ambayo nayo ni ya yurethani. Kwenye boksi, liwe la Kifaransa au la Kiingereza, tafuta panapotaja ganda na uone kama wameandika urethane. Kama hawakuandika lolote, chukulia ni ayonoma, maana kiwanda kilicholipa gharama ya yurethani hakiwezi kulinyamazia. Namba iliyo kwenye mpira, 1 au 4 au 7, ni ya kukutambulishia mpira wako kati ya mipira ya wenzako tu, haihusiani na ubora. Rangi chagua unayoiona. Kipindi cha majani makavu mimi hupenda njano, kwa sababu tangu sheria zilipobadilika mwaka 2019 una dakika tatu tu za kutafuta, zamani zilikuwa tano.

Sasa upimaji wenyewe. Usinunue dazeni. Pata mipira mitatu ya aina moja ya yurethani na mitatu ya vipande viwili, hata ikiwa imeokotwa, mradi ni mizima. Nenda asubuhi uwanja ukiwa tupu. Anza mita ishirini au thelathini kutoka kwenye shimo, na weji yako ya kawaida, pigo lako la kawaida. Pokezanisha: mmoja wa huu, mmoja wa ule, ili uchovu wa mkono usipendelee upande mmoja. Mwombe mtu akuwekee mpira jina likiwa limegeukia chini, kwa maana jina kubwa lina nguvu juu ya akili zetu sote. Angalia kinachotokea baada ya mpira kutua. Kama mpira wa yurethani unasimama mita mbili tatu kabla ya mwenzake na unaona hilo likijirudia, umepata jibu lako. Kama huoni tofauti yoyote, basi pigo lako bado halijaukandamiza mpira vizuri, unaugusa katikati au juu. Hilo nalo ni jibu: chukua wa vipande viwili, weka akiba ile pesa, au ilipe kwa mwalimu wa weji.

Halafu sukuma mingi kwenye grini, ya karibu na ya mbali, usikilize. Kisha rudi hadi mahali pa fimbo ya chuma namba 7 uone mpira unatua wapi na unaishia wapi. Vyote viwili, maana kwetu nafasi kati ya hapo na hapo ndiyo shida. Draiva iwe ya mwisho kabisa, na ukiona mpira mmoja umepita mwenzake kwa mita tano, upige tena kabla ya kuamini. Rudia jambo lote hili siku nyingine mchana, kwa sababu baridi inaingia kwenye hesabu. Asubuhi za Juni na Julai hapa joto hushuka chini ya nyuzi 10, mpira unakuwa mgumu, mlio wake unakuwa mkali, na safari yake inafupika. Ilaze mipira yako ndani ya nyumba usiku huo, isiwe kwenye buti la gari. Kuipasha moto kwa makusudi ili iende mbali ni kosa kisheria, usishawishike. Oktoba, kinyume chake, usiiache siku nzima ndani ya gari lililofungwa juani.

Umeniandikia pia kwamba mpira wako unakata kulia. Mpira wenye spini kidogo haukati sana kama mwenzake, ni kweli, na hewa yetu nyepesi inakusaidia kidogo pia. Lakini kukata kulia kunatoka kwenye uso wa fimbo uliofunguka unapokutana na mpira. Usinunue mpira kwa ajili ya ugonjwa huo.

Kwa hiyo kwako wewe, leo: kama jaribio la weji likionyesha tofauti, tafuta Q-Star Tour, Tour Response, Inesis ya yurethani, au yoyote ya yurethani iliyookotwa ikiwa mizima, kwa bei isiyozidi dola tatu kwa mpira. Jaza mfuko na aina hiyo moja. Kama jaribio halikuonyesha tofauti, Soft Feel au Supersoft, kufuatana na sauti unayoipenda, na urudie jaribio baada ya miezi sita. Andika kila raundi umepoteza mipira mingapi. Siku utakapoona kwamba kwa msimu mzima hupotezi zaidi ya mmoja kwa raundi, mwambie rafiki yako wa Johannesburg akuletee dazeni ya Pro V1.